Nywele kukatika sababu ya thairoidi: anza na damu, mafuta yaje baadaye

Mtu mwenye shida ya thairoidi, ile tezi ya shingoni inayotengeneza homoni, nywele zikianza kupukutika swali lake la kwanza ni lile lile, kuna njia gani ya asili, nipake nini? Afu anatajiwa mafuta ya kila aina, kitunguu, rozimari, nyonyo, na vidonge vya bayotini (vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele) juu yake, anapaka miezi na miezi wala hakuna kinachobadilika. Siyo kwamba hivo vitu vyote ni uongo, vingine vinasaidia na nitavifikia, ila mpangilio ndo unakuwa kichwa chini miguu juu. Nywele zinazotoka kwa ajili ya thairoidi shida yake iko kwenye damu, na ukishalielewa hilo utajua kipi kianze na kipi kisubiri.

Kila unywele una mzunguko wake. Unakua miaka 2 mpaka 6, unasinyaa wiki 2 au 3, halafu unapumzika kama miezi 3 hivi, ndo unadondoka na mwingine unachipua pale pale. Kwa mtu mwenye afya, nywele 85 mpaka 90 katika kila 100 ziko kwenye kukua, zilizobaki zimepumzika, kwa hiyo kudondosha nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida kabisa wala usishtuke. Sasa homoni za thairoidi, zile T3 na T4, zinachangia kulifanya shina la nywele liendelee kukua. Zikipungua, mashina mengi yanaingia mapumzikoni kwa mkupuo na kuamka yanachelewa. Zikizidi nazo zinavuruga, watu wengi hili hawalijui, wanadhani ni thairoidi iliyolala tu, yaani iliyo chini, inayotoa nywele. Na kwa sababu ya huo muda wa mapumziko, nywele unazoziona kwenye chanuo leo mara nyingi zimetokana na kitu kilichotokea miezi 2 au 3 nyuma. Hiyo ishike, itakuokoa na hasira nyingi huko mbele.

Hatua ya 1: Angalia zinatokaje

Chukua nywele zilizodondoka uziangalie mwisho wake. Ukiona kijinundu kidogo cheupe basi imetoka na shina, na huo ndo mtindo wa thairoidi. Kama ni vipande vifupi vifupi visivyo na kijinundu, hizo zinakatikia katikati, ukavu, moto wa pasi, dawa za kulainisha. Kwa mwenye thairoidi iliyolala unaweza ukakuta vyote viwili pamoja maana ngozi na nywele zinakuwa kavu na ngumu kama katani.

Cha pili ni mahali. Thairoidi inapunguza nywele kichwa kizima kwa ujumla, yaani unaona mstari wa kati unazidi kuwa mpana, ukifunga nywele zinajaa kidogo mkononi tofauti na zamani, ila hakuna sehemu moja iliyobaki tupu. Nyusi nazo zitazame, zikipungua ule upande wa nje, karibu na masikio, hiyo ni dalili inayojulikana ya thairoidi iliyo chini. Na mwili wenyewe utakuwa unaongea, uchovu usioisha, baridi wakati wenzako wana joto, choo kigumu, uzito unapanda, hedhi nzito. Ikiwa juu ni kinyume chake, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, jasho, unakula na bado unakonda, usingizi hamna.

Kama ni mabaka ya duara yaliyo laini kabisa hiyo ni kitu kingine, ni kinga ya mwili inashambulia mashina, japo ndugu yake ni thairoidi maana watu wenye Hashimoto au Graves (magonjwa ya kinga ya mwili kuishambulia thairoidi, wa kwanza unaishusha, wa pili unaipandisha) wanaipata zaidi kuliko wengine. Kama nywele zimerudi nyuma kwenye paji na pembeni tu, angalia unavyosuka. Kama kuna magamba na kuwasha inaweza kuwa fangasi. Na kama ngozi inang'aa imekuwa kama kovu, vitundu vya nywele havionekani, usisubiri hata kidogo nenda kwa daktari wa ngozi, maana huko shina likishakufa halirudi.

Mama aliyejifungua naye ana lake. Nywele kupukutika miezi michache baada ya kujifungua ni kawaida na zinarudi zenyewe. Lakini ndani ya mwaka ule wa kwanza thairoidi nayo inaweza ikavimba na kuyumba, kwanza inapanda halafu inashuka, na kwa sababu kila mtu anamwambia "ni uzazi tu hiyo" hakuna anayempima. Kama uchovu na mapigo ya moyo haviendani na kulea tu, pima.

Hatua ya 2: Pima, na ujue unachokisoma

Cha kuanzia ni TSH na T4 huru, yaani ile T4 isiyoshikwa na protini kwenye damu. TSH haitoki kwenye thairoidi yenyewe, inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo na kazi yake ni kuisukuma thairoidi ifanye kazi, ndo maana TSH ikiwa juu maana yake thairoidi iko chini, watu wanalisoma kinyume wanachanganyikiwa. Kwa mtu mzima maabara nyingi zinaweka kawaida kati ya 0.4 na 4 hivi, ila soma kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yako mwenyewe maana vinatofautiana. Kipimo cha kingamwili za TPO, zile zinazoilenga thairoidi, kinasaidia kujua kama ni Hashimoto, ule ugonjwa ulioelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, ambapo kinga ya mwili inaila tezi taratibu.

Halafu, na hapa ndo wengi wanaruka, omba ferritini, picha kamili ya damu, na ikiwezekana B12 na vitamini D. Sababu ni kwamba thairoidi inayotoa nywele nyingi huwa ni ile iliyovurugika kweli na kwa muda mrefu. Kama TSH yako imepanda kidogo tu na T4 iko sawa, uwezekano ni mkubwa mhalifu ni mwingine, na mhalifu wa kwanza kumshuku hasa kwa wanawake ni upungufu wa madini chuma. Ferritini ndo akiba ya chuma mwilini, ikiwa chini ya 30 akiba imeisha hata kama damu yenyewe bado inasoma vizuri, kwa hiyo mtu anaambiwa "damu yako iko poa" na nywele zinaendelea kutoka. Na thairoidi iliyo chini inaleta hedhi nzito, hedhi nzito inamaliza chuma, unaona vinavyoshikana.

Hatua ya 3: Kama umepewa dawa, inywe inavyotakiwa

Najua umekuja kutafuta njia za asili na mimi naanza na vidonge, vumilia kidogo. Levothairoksini, ile dawa ya thairoidi iliyo chini, ni T4, molekuli ile ile inayotengenezwa na thairoidi yako, siyo kitu kigeni. Hakuna majani wala mzizi unaoweza kukupa homoni ambayo tezi imeshindwa kuitengeneza, kwa hiyo kama tezi imeshaliwa na Hashimoto na ukaacha vidonge ukahamia kwenye chai ya majani, nywele ndo zitakuwa tatizo lako dogo kuliko yote. Kuna na wanaosifia unga wa tezi ya nguruwe iliyokaushwa kwa sababu ni wa asili, ila una T3 nyingi kuliko uwiano wa tezi ya binadamu, unaweza ukakupeleka juu kupita kiasi, na thairoidi ikiwa juu nywele zinatoka vile vile.

Sasa kunywa kwenyewe. Tumbo tupu, maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula chochote. Kahawa inapunguza dawa kuingia mwilini kwa hiyo nayo isubiri huo muda. Wengine asubuhi zao ni fujo tupu, basi inywe usiku unapolala mradi iwe imepita masaa 3 au zaidi tangu ule, chagua moja na usiyumbe. Vidonge vya madini chuma, kalisiamu na dawa za kiungulia vikae mbali nayo masaa 4. Hili la chuma ndo linawakamata wanaotafuta nywele, mtu anameza kidonge cha thairoidi na cha chuma kwa pamoja asubuhi ili asisahau, vinashikana tumboni, hakuna kinachofanya kazi vizuri, TSH inabaki juu, anaongezewa dozi bure. Soya nayo ukila sana inapunguza ufyonzwaji, hulazimiki kuiacha, ila isiwe karibu na dawa na usiwe leo unakula nyingi kesho huli kabisa.

Dozi ikibadilishwa rudia kipimo baada ya wiki 6 mpaka 8, kabla ya hapo mwili haujatulia na namba itakudanganya. Miezi ya mwanzo ya dawa nywele zinaweza zikatoka hata zaidi, aisee hapa ndo watu wanaitupa dawa wakisema inawanyonyoa. Kumbuka ule muda wa mapumziko, nywele nyingi zinazodondoka sasa hivi zilishajifia zamani. Usiongeze dozi mwenyewe ukidhani ndo utaharakisha.

Kwa mwenye thairoidi iliyo juu anayetumia karbimazoli, ni kweli kwa baadhi ya watu hiyo dawa inapunguza nywele, zungumza na daktari kuhusu dozi badala ya kuacha kimya kimya. Na ukipata homa na koo kuuma ukiwa kwenye karbimazoli, hiyo siyo ya kungoja kesho, nenda upimwe damu siku hiyo hiyo maana inaweza kushusha chembe nyeupe za damu vibaya sana.

Hatua ya 4: Chakula

Unywele umejengwa na protini inaitwa keratini, na mwili ukibanwa unafanya kama mtu aliyeishiwa hela, unaanza kukata matumizi ambayo siyo ya lazima, na nywele ndo za kwanza. Mwenye thairoidi iliyo chini ananenepa, anakasirika, anajinyima chakula, na miezi 2 au 3 baadaye nywele zinapukutika upya, afu lawama zote zinaenda kwa thairoidi. Kama unataka kupungua pungua taratibu, na kila mlo uwe na protini ya maana, mayai, samaki, nyama, maharage, dengu, maziwa, chochote unachokula.

Kwa chuma, nyama nyekundu, maini na samaki vinaingia mwilini kwa urahisi zaidi kuliko chuma cha mimea. Ukiwa unategemea maharage na mboga za majani weka kitu chenye vitamini C kwenye mlo huo huo, limau, chungwa, nyanya, na chai au kahawa ihame, inywe saa moja au mawili baadaye maana inazuia chuma. Mjamzito na mtu anayependa maini mjihadhari, maini yamejaa vitamini A, na vitamini A ikizidi yenyewe inatoa nywele, na kwa mimba ni hatari. Vidonge vya chuma usimeze kwa kubahatisha, meza kwa kipimo, kwa sababu chuma kikizidi mwili hauna njia nzuri ya kukitoa.

Madini joto, yaani iodini, ndo malighafi ya homoni za thairoidi na mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha zaidi ya hapo. Chumvi iliyowekwa madini joto pamoja na samaki na maziwa kwa kawaida vinatosha. Shida inaanza mtu akisikia "iodini ni nzuri kwa thairoidi" ananunua vidonge vya mwani wa baharini, kidonge kimoja kinaweza kuzidi mahitaji ya siku mara nyingi tu. Kwa mwenye Hashimoto iodini nyingi inaweza ikaishusha tezi zaidi, kwa mwenye thairoidi ya juu inaweza ikawasha moto. Yaani kitu cha asili kabisa na kinakuharibia.

Seleniamu, madini mengine yanayosifiwa kwa thairoidi, hivyo hivyo. Mwili unaihitaji kidogo, mikrogramu 55 kwa siku, na karanga moja tu ya Brazili inaweza kufikisha hiyo. Ukizidisha kwa muda mrefu, juu ya mikrogramu 400 kwa siku, dalili zake ni kucha kuvunjika na nywele kutoka! Mtu anakula hizo karanga za Brazili kiganja kizima kila siku aokoe nywele, anazimaliza. Samaki, mayai na nyama vinakupa ya kutosha.

Kabichi na brokoli, waache watu wale. Ni kweli zina vitu vinavyoweza kuisumbua tezi lakini ni kwa kula mbichi nyingi mno na ukiwa huna iodini ya kutosha, zikipikwa hiyo nguvu inapungua sana.

Hatua ya 5: Bayotini, soma kabla hujanunua

Hii nimeiwekea sehemu yake makusudi. Vidonge vingi vya nywele na kucha vina bayotini mikrogramu 5,000 mpaka 10,000 wakati mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni kama 30. Kwa mtu asiye na upungufu wa bayotini, na upungufu wenyewe ni nadra, hakuna ushahidi mzuri kwamba inaotesha chochote. Hiyo ni hasara ya hela tu, ila kubwa zaidi ni kwamba inavuruga kipimo chenyewe. Mashine nyingi za maabara zinatumia bayotini ndani ya kipimo, sasa ikiwa imejaa kwenye damu yako TSH inasoma chini kuliko ukweli na T4 inasoma juu, karatasi inaonyesha una thairoidi ya juu wakati huna, daktari anakupunguzia dozi, unarudi kwenye upungufu, nywele zinatoka tena. Kama unaitumia, iache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na ukiwa kwenye dozi kubwa uliza maabara kama iongezwe, na mwambie daktari hata kama hajauliza.

Ashwagandha, mzizi wa dawa za asili za India, nayo inauzwa sana kwa jina la stresi na nywele. Inaweza kupandisha homoni za thairoidi, kwa hiyo mwenye thairoidi ya juu akae nayo mbali, na aliye kwenye dawa asiongeze bila daktari kujua.

Hatua ya 6: Sasa ndo mafuta

Tumefika. Kazi ya vitu vya kupaka hapa ni kulinda nywele ulizonazo na kuipa ngozi ya kichwa mazingira mazuri wakati damu inajirekebisha, tegemea hivo, usitegemee zaidi.

Rozimari ina ushahidi kidogo, kuna utafiti wa 2015 uliolinganisha mafuta yake na minoksidili (dawa ya hospitali ya kupaka ya kuotesha nywele) ya asilimia 2 na baada ya miezi 6 matokeo yalikaribiana, lakini washiriki walikuwa na upara wa kurithi, siyo thairoidi. Kujaribu siyo vibaya. Yale mafuta makali ya rozimari usiyapake yenyewe, dondosha matone machache kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya kawaida kama ya nazi au mzeituni, jaribu kwanza kwenye mkono ndani ya kiwiko usubiri siku moja, ukiwashwa achana nayo. Juisi ya kitunguu ilifanyiwa utafiti mdogo mwaka 2002 kwa watu wenye yale mabaka ya duara, siyo nywele za kupungua kichwa kizima, na harufu yake unaijua. Nyonyo inafanya nywele zing'ae na zishikane, kuotesha bado sijaona ushahidi wa kunishawishi, na ukipaka nyingi zinagandana mpaka unaishia kukata.

Kukanda ngozi ya kichwa kwa vidole dakika 4 au 5 kila siku ni bure na haina madhara. Kuna utafiti wa Japani ulioona unene wa nywele ukiongezeka kwa kukanda, ila walikuwa wanaume 9 tu, kwa hiyo ichukue kama nyongeza.

Kinachosaidia kuliko chupa yoyote ni kuacha kuziumiza. Suka za kubana, wivingi nzito, dreda zinazovuta, mkia wa farasi ule wa kuvuta mpaka macho yanapanda, vyote acha kwa sasa, maana mashina yaliyo dhaifu ukiyavuta juu yake yanaweza kupotea moja kwa moja pembeni mwa paji. Dawa za kulainisha na pasi zipumzike. Osha kwa shampuu laini, usiogope kuosha eti zitatoka, zinazotoka ukiosha zilikuwa zimeshaachia, weka kondishina, chanua zikiwa na unyevu wa kondishina kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani kupanda juu. Ukivaa wigi hakikisha haina gundi wala haibani.

Usingizi na stresi sitavirefusha. Stresi kubwa, homa kali, upasuaji, msiba, vyote vinaweza kuangusha nywele miezi 2 au 3 baadaye, kwa hiyo hesabu nyuma kabla ya kubadilisha dawa.

Hatua ya 7: Subiri kwa picha, siyo kwa kioo

Kioo cha kila siku kitakutia wazimu. Piga picha mara moja kwa mwezi, sehemu ile ile, mwanga ule ule, nywele zimegawanywa katikati. Nywele zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi. Homoni zikishakaa sawa, kwanza kupukutika kunapungua, afu baada ya miezi 3 mpaka 6 unaanza kuona vinywele vifupi vimesimama kwenye paji na kwenye mstari wa kati, na ujazo wenyewe unaweza kuchukua mwaka au zaidi. Nyingine zikirudi zinakuwa na mwonekano tofauti kidogo na za zamani.

Kama TSH imekaa vizuri miezi 6, ferritini imepanda, unakula, hujabana nywele, na bado mstari wa kati unapanuka, rudi kwa daktari wa ngozi na hizo picha na karatasi zote za vipimo. Hapo mara nyingi kuna upara wa kurithi umejificha nyuma ya thairoidi, na wenyewe una matibabu yake kama minoksidili ya kupaka, ambayo usianze ukiwa mjamzito au unanyonyesha, na ambayo nayo wiki za mwanzo inaangusha nywele kidogo kabla ya kuanza kufanya kazi.